Njia ya Mkato ya Kwenda MOI

Wakazi wa Dar es Salaam wanaotaka kulazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) huhangaika bure na barua za rufaa, ilhali baiskeli ingewafikisha siku hiyo hiyo. Taasisi yenyewe inatibu mifupa na ubongo, kwa hiyo helmeti acha nyumbani, usiwapunguzie kazi.

Anza na daladala. Ikikupita, na kituo kipo mbele, usimtazame konda. Ukimtazama utaona keshatoa mkono dirishani, anapiga bodi, na mama mmoja kasimama mlangoni na kapu lake. Utajua gari linaingia kushoto, utapunguza mwendo, na safari itakuwa imeharibika.

Magari yaliyoegeshwa yapite kwa karibu, upana wa kiganja hivi. Ukiona kichwa kwenye kiti cha dereva, hakikuhusu. Waoga huacha nafasi ya mlango kufunguka wote, ndiyo maana hawafiki.

Dimbwi la masika ni maji tu, pita katikati. Aliyeiba mfuniko wa chemba bila shaka ameshaurudisha.

Wenye haraka zaidi waende Barabara ya Mandela, yanakopita matela ya bandarini. Tela likisimama kwenye mataa limewasha indiketa ya kushoto, jipenyeze kushoto kwake. Litaanza kwa kuvutia kulia kidogo, nawe utadhani linakupisha. Wapi! Ni refu, linajitafutia nafasi ya kukata kona. Kichwa kitazungukia mbali, lakini magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya kichwa: yanakuja ndani, pale pale ulipo. Usihangaike kumtafuta dereva kwenye kioo chake cha pembeni, maana usipouona uso wake utagundua kwamba naye hakuoni, na ujuzi huo utakutia woga. Piga kengele tu, hiyo hiyo ambayo haijawahi kumshtua hata mbuzi.

Usiku vaa nyeusi, zima taa, endesha upande wa kulia ukiyakabili magari. Hapo sina la kuongeza.

Mimi, kusema kweli, nimeuasi mwongozo huu. Tela likiwasha indiketa nabaki nyuma yake, mguu chini, mpaka taa zake za mwisho zimalize kona. Nachelewa kama dakika moja, na sijalazwa mpaka leo.