Hongera kwa Kuacha Kazi

Umeacha kazi ya benki ili uchore? Hongera. Tai umeivua, rangi umenunua, sasa jiandae kuulizwa kila harusi: "Siku hizi uko ofisi gani?" Mjomba aliyekulipia ada ya uhasibu atauliza mara mbili, ya pili kwa sauti ya msibani.

Usijali, wapo waliotangulia. Paul Gauguin alikuwa dalali wa hisa jijini Paris, mwenye kipato kinono. Soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1882, akaamua kuishi kwa brashi. Mkewe, Mette, akarudi kwao Copenhagen, akafundisha Kifaransa ili watoto watano wale. Wanaoandika habari za sanaa humwita Gauguin jasiri. Mette hawamwiti kitu.

Gauguin alifariki mwaka 1903 katika visiwa vya Marquesas, mgonjwa na mwenye kesi mahakamani. Zaidi ya miaka mia baadaye, mchoro wake mmoja uliuzwa kwa takriban dola milioni 200. Yeye hakuambulia hata senti ya panadoli.

Mpango wa biashara ndio huo, ndugu msanii: uoe mwenye mshahara, kisha ufe. Kwa sasa sisi mashabiki wako tutakuomba picha ya sebuleni kwa bei ya kindugu, yaani bure, "upate jina". Fundi bomba hatumwahidi jina. Yeye tunamlipa siku hiyohiyo.

Mlipeni msanii angali hai. Marehemu hana namba ya kutumiwa pesa.