Wewe Si Uko na Maua?

Mwenye biashara Naivasha akialikwa harusi, zawadi yake huwa imeshachaguliwa na wengine. Mwalimu atawaza bahasha, karani atawaza blanketi, lakini mwenye duka la masufuria, watu wanajua ataingia ukumbini akigonganisha vyuma. Mimi nina kibanda cha maua kando ya barabara. Mtoto akizaliwa, mzee akistaafu, kijana akihitimu, naambiwa neno moja tu: "Wewe si uko na maua?"

Shida ni kwamba hapa ndipo maua yanapotoka. Ziwa limezungukwa na mashamba ya maua, na kwenye mitaa ya Karagita au Kamere ukibisha milango miwili mitatu hukosi mtu "anayefanya kampuni", anayeshinda grinhausi akikata au pakihausi akifunga. Kumpelekea mtu wa namna hiyo waridi ni kujipeleka mwenyewe kwenye mtihani.

Mama mkwe wangu amegredi maua miaka mingi. Siku ya kwenda kwao rasmi nilimkabidhi shada kwa mikono miwili, wazee wakiangalia. Alitabasamu, akashukuru, akaketi nalo mapajani. Kisha mikono ikaanza kazi bila kumwomba ruhusa. Ilichomoa ua moja, ikaligeuza kichwa chini, kidole gumba kikafungua petali za nje kutafuta ukungu wa kijivu. Shina likalazwa juu ya mkono wake, kuanzia ncha za vidole hadi kwenye kiwiko na kupita kidogo. "Sentimita hamsini," akasema. La pili: "Arobaini. Mwanangu, hapa wamekuchanganyia." Alipomaliza, maua mawili yalikuwa yamewekwa kando juu ya stuli. "Ni mazuri sana," akanifariji. "Ni haya mawili tu yangerudi." Wazee wakaacha kutazama maua, wakaanza kunigredi mimi.

Tangu hapo nina sheria: usimpe mtu wako kitu ambacho usingethubutu kumuuzia mgeni kwa bei kamili. Wenye biashara wengi hutoa kilichododa, halafu wanashangaa shukrani nayo ikidoda. Fundi wa nguo anamshonea mpwa wake gauni la mabaki ya kitambaa, mtoto anavaa Jumapili na kanisa zima linatambua sare ya shule ya jirani. Mwenye friza ya samaki mtaani kwetu ana mkono mwepesi wa kutoa, hasa stima zikipotea. Giza likiingia bila taa, ujue ngege wanakuja mlango kwa mlango. Tunawala, tunamshukuru, lakini moyoni tunawashukuru watu wa stima. Na Olkaria, umeme wa mvuke unakozalishwa, ni hapo tu jirani!

Nilipokuwa nikidhani ni sisi wadogo tu wenye matatizo haya, ikaja 2020. Mwezi wa Machi, Korona ilipofunga masoko ya Ulaya, mashamba ya huku yalimwaga waridi kwa malori. Mwezi uliofuata, Kenya ikasafirisha mashada ya maua hadi Uingereza, zawadi kwa madaktari na wauguzi. Nikaona nchi nzima imefanya kile ninachofanya mimi kila Jumamosi. Na maneno yakaja yale yale. Wako walionuna mtandaoni wakiuliza mbona tunatuma maua ilhali nyumbani tuna shida zetu, na wako waliosema tunapeana kilichokosa mnunuzi. Mimi naitetea zawadi ile kwa sababu ya ndege. Ndege nyingi za abiria zilikuwa zimeegeshwa na nafasi ya mizigo ilikuwa adimu. Ua lilikuwa limekosa bei, ndiyo, lakini kulifikisha kulikuwa na bei, na palipo na gharama hapo zawadi inaweza kuanza.

Sheria ya pili ni kuacha matangazo nyumbani. Mwenye kuoka keki akileta keki ya bure, asiandike namba ya simu kwa krimu chini ya majina ya maharusi, maana atakayekata kipande cha kwanza atakula tarakimu tatu na biashara itapotea. Na niliwahi kuhudhuria mazishi ambapo mwenye matbaa alijitolea kuchapa kijitabu cha wasifu wa marehemu. Kazi safi, karatasi nzito. Ukurasa wa nyuma uliandikwa: "Tunachapa pia kadi za harusi. Karibu tena." Mjane aliufunika kwa kiganja hadi ibada ikaisha.

Lakini mtihani mkubwa uko kwenye kamati. Kamati ya harusi au mazishi hugawa kazi haraka: mwenye lori abebe viti, mwenye hema alete hema, wa maua alete maua. Vizuri. Halafu katibu anasimama kusoma michango. "Baba Fulani, elfu tano. Mama Fulani, elfu tatu." Makofi. Anafika kwangu, anashusha sauti kama anayetangaza ugonjwa: "Na... maua." Hakuna anayepiga makofi. Shangazi mmoja hunigeukia na kuninong'oneza, "Sasa na wewe ungetoa kitu." Naye yuko mita mbili kutoka kwenye jukwaa lililopambwa na mtaji wangu wa wiki nzima.

Siku hizi nina dawa. Kamati ikiniita, namtumia mweka hazina elfu nne kwa M-Pesa kama Mkristo mwingine yeyote. Katibu ananisoma kwa sauti kamili, napigiwa makofi, shangazi anatikisa kichwa kwa heshima. Siku mbili baadaye, mweka hazina ananitumia elfu nne zile zile kwenye tili yangu, kununua maua. Nawaletea sentimita sabini, yasiyo na doa, na risiti juu. Hesabu zikifungwa, pesa imetoka kwangu na imerudi kwangu, maua yamekwenda kama ambavyo yangekwenda tu, na kilichoongezeka ni ada ya kutuma. Mke wangu, anayeshika daftari la kibanda, aliniuliza hiyo ada aiandike wapi. Nilimwambia aiandike chini ya heshima, maana sijawahi kuinunua kwa bei rahisi kuliko hiyo.