Barua ya Wazi kwa Hazina ya Taifa: Asanteni kwa Kunilisha

Kwa Hazina ya Taifa,
Harambee Avenue, Nairobi.

KUH: SHUKRANI KUTOKA EBÈNE

Waheshimiwa,

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kisauni, wakili niliyeapishwa Nairobi, na kwa miaka kadhaa sasa riziki yangu iko Mauritius, kwenye mji wa maofisi uitwao Ebène. Neno hilo kwa Kifaransa ni mpingo. Mpingo sijauona. Nimeona vioo na viyoyozi, palipokuwa mashamba ya miwa, enzi watu wa hapa walipouza kitu kinachoshikika.

Nawaandikia kushukuru, maana najua barua mnazopokea nyingi ni za matusi. Karo ya wanangu, kodi ya nyumba yangu, hata hii kalamu, vyote vina mkono wenu.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa mamangu mpaka leo huwaambia majirani kwamba natetea wezi. Si kweli. Mwizi humtafuta wakili akishakamatwa. Wateja wangu hunitafuta mapema. Wanalolifanya ni halali kabisa, na hulipa vizuri ili libaki halali.

Sheria za hapa zinataka kampuni iwe na mwili, isiwe jina tupu. Ikitaka kuhesabiwa ya Mauritius, iwe na wakurugenzi wawili wakazi, akaunti ya benki hapa, vitabu vya hesabu hapa, na mikutano yake ihudhuriwe na hao wakazi. Basi Jumanne saa nne asubuhi tunaketi: wakurugenzi wawili, mimi, sahani ya biskuti, na spika ya simu katikati ya meza. Mmoja wa wakurugenzi ni mhasibu mstaafu, mzee mpole sana, ambaye yumo kwenye bodi nyingi kiasi kwamba kabla ya kuingia hunivuta kando pale mlangoni, akaninong'oneza: "Leo ni ipi?"

Upande wa pili wa simu yuko mwenye mali. Kwenu ni saa tatu. Nasikia honi za Westlands, nasikia konda akiita abiria. Mwenye mali anasema, "Ile kitu tuliongea, tuifanye." Wazee wangu wanatikisa vichwa, jambo ambalo kwenye simu halionekani. Mimi nainamia kumbukumbu za mkutano, nilizozichapa jana jioni: "Baada ya majadiliano ya kina, wakurugenzi, wakiwa Ebène, waliazimia..." Dakika saba. Biskuti hazijaguswa, zitarudi mkutano wa saa tano, wa kampuni nyingine. Konda sikumwandika, ingawa ndiye aliyezungumza zaidi.

Mtaniuliza, kuna faida gani? Chukueni mbuzi. Mbuzi yuko Kajiado, anakula majani ya Kajiado, anazaa Kajiado. Akitaka kuuzwa, hauzwi. Kinachouzwa ni kamba, yaani hisa za kampuni inayommiliki, na ncha ya kamba iko mezani kwangu. Mauritius haitozi kodi faida ya kuuza mtaji, kwa hiyo kamba hubadili mikono hapa kimyakimya, na mbuzi hata masikio hainui. Mwaka 2023 mlilishtukia hilo mkatunga sheria ya kuifuata kamba yenyewe hata ikiuzwa ng'ambo. Kwa hilo nawashukuru mara mbili. Kila mnapoziba tundu, wateja wale wale hurudi kulipia ushauri wa pili.

Kuna jambo ambalo sisi wa Ebène bado tunalisimulia wakati wa chai. Mwaka 2012 mlitia saini mkataba na Mauritius wa kuepusha kodi mara mbili. Mwaka 2014 mkautangaza kwenye gazeti rasmi. Watu wa Tax Justice Network Africa, asasi inayotetea haki katika kodi, wakaenda mahakamani, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikasema tangazo lile ni batili, kwa sababu halikuwahi kuwasilishwa Bungeni kama inavyotaka sheria ya 2013. Waheshimiwa, kutoka ofisini kwenu hadi Bungeni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, tena kivulini. Hapa kwetu karani akichelewesha fomu wiki moja anaitwa na mkubwa wake. Ninyi karatasi yenu ilishindwa kufika mwisho wa barabara kwa miaka mitano. Kisha, hata mwezi haujaisha tangu hukumu, mkapanda ndege mkatia saini mkataba mwingine Port Louis. Kumbe safari ndefu ndiyo rahisi.

Msidhani nawacheka. Naishi nchi ambayo kwenye nembo yake ya taifa amesimama dodo, ndege aliyekwisha kutoweka tangu karne ya 17. Nchi iliyomweka asiyekuwepo mahali pa heshima namna hiyo haiwezi kushindwa na kampuni.

Sasa nina ombi dogo la kifamilia. Dada yangu anauza mahamri Kisauni. Nilipokwenda likizo nikasema nami nimfae kwa elimu yangu. Nikamwambia: mahamri endelea kuyakaanga hapa, ila jina la biashara tulihamishie Ebène. Kampuni ya huko itakukodisha jina lako, utailipa ada kila mwezi, faida itahama na wewe hutainuka kwenye kigoda. Wakurugenzi ninao, mzee wangu hawezi kukataa. Kila robo mwaka bodi itaketi kuamua kama unga uendelee kukandwa kwa tui.

Akanitazama, mikono ina unga hadi viwiko. "Na nani atakanda?"

Nikamwambia wakandaji hawahitajiki kwenye bodi.

Lakini nilipokaa kupiga hesabu nikakwama, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kampuni ya huku, kwa aina kadhaa za mapato yatokayo nje, hutozwa asilimia 15, ila asilimia 80 ya mapato hayo husamehewa ikitimiza masharti. Ukikokotoa unabaki na asilimia 3. Dada yangu naye mlimpandishia kodi ya mauzo mwaka 2023, kutoka asilimia 1 hadi 3. Tatu kwa tatu, nikadhani ndugu wamelingana. Kumbe tatu ya kampuni ni ya faida, na tatu ya dada ni ya mauzo yote: unga umo, mafuta yamo, nazi imo, gesi imo. Kodi yenu kwake haitambui gharama. Ada ya jina nayo ni gharama. Basi hila yangu haina pa kushika! Nimesoma vifungu usiku mzima nikitafuta tundu, mimi ninayelipwa kwa saa kutafuta matundu, na sikupata. Wateja wangu mmewaachia madirisha. Muuza mahamri mmemjengea ukuta usiopitisha hata sisimizi. Nani aliwaandikia kifungu hicho? Ningependa kumpa mkono.

Nasikia sasa Nairobi nayo ina kituo chake cha kimataifa cha fedha, kwa sheria ya 2017, kilichozinduliwa 2022. Nimechoka kula samaki wa watu. Nafasi ikitokea naomba mnifikirie: najua kazi, najua kamba, na biskuti nitakuja nazo.

Usaili nitauhudhuria kwa simu. Kumbukumbu zake nimeshazichapa, zimeambatishwa hapa. Baada ya majadiliano ya kina, mmeniajiri.

Wenu mtiifu,
Wakili wa Ebène