Nitakuazima Chochote, Ila Mita

Hapa Mtangawanda mtu akiniomba kasia nampa. Nyavu nampa. Hata pikipiki nampa, akiniahidi kuirudisha na mafuta. Lakini mita ya umeme simpi mtu tena, hata awe mjomba.

Tangu sola zipande mapaani, kila kijana ni fundi. Volti wanaziweza: vijiti viwili, ncha mbili za betri, kumi na mbili na kitu, alhamdulillahi. Balaa ni ampea. Kijana kanunua betri Lamu, imeandikwa 100, anataka kuhakikisha hakupunjwa. Basi huhamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, akazungusha kitufe, akagusisha vijiti kwenye ncha zile zile mbili alizozoea. Cheche! Harufu! "Ami, mita yako mbovu."

Mbovu sasa. Ile 100 ni ampea-saa: betri hutoa kama ampea 5 kwa muda wa saa 20. Hakuna ampea mia zilizolala mle zikingoja kuhesabiwa. Na mita ikigeuzwa upande wa ampea, ndani huwa kama kipande cha waya tu, haizuii kitu. Ukiibandika kwenye betri hujapima, umekutanisha chanya na hasi, na betri ya asidi hapo hutema mamia ya ampea bila kuuliza.

Ampea hupimwa njiani. Zima kila kitu, chomoa waya mmoja, iweke mita pale ulipokata ili umeme wote upite ndani yake, ndipo uwashe. Abiria wa Siyu na Faza wakishuka botini, anayetaka kuwahesabu husimama gatini wapite mbele yake. Kuna ugumu gani?

Halafu someni, jamani. Kwenye hizi mita za bei ndogo, kando ya tundu la 10A pameandikwa kwamba halina fyuzi, usizidishe sekunde 10, kisha uipumzishe dakika 15. Mwenzangu huishikilia pale huku akipiga soga.

Nahodha mmoja betri yake ilikuwa ikiisha usiku. Nikaiweka mita njiani, kila kitu kimezimwa, tukaona kweli kuna kitu kinakunywa: pampu ya kutoa maji. Safi. Nikageuka kutafuta bisibisi, yeye akaona maji yanakupwa, akabonyeza stata. Stata ya dizeli hula zaidi ya ampea mia. Mita ya ampea kumi! Tuyaache hayo.

Ila nawaogopa zaidi wanaoirudisha nzima, wakashukuru, waya mwekundu ungali umekaa tundu la ampea. Anayefuata haangalii, anageuza kitufe kwenye volti na kuchomeka vijiti kwenye soketi ya stima, volti 240. Kwa waya ulivyokaa, kitufe hakimsaidii. Ni shoti, na kishindo kiko mkononi mwake, si mezani.

Juzi imerudi moja, kimya kimya, imefungwa vizuri kwenye mfuko. Nikaifungua. Fyuzi ya tundu la miliampea haipo, mahali pake pamefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilipomuuliza, jamaa aliapa kwa Mungu kwamba yeye havuti.