Jinsi ya Kuandika Andalio la Somo Lisilosomwa na Mtu: Mwongozo wa Mwanagenzi Anayepelekwa Isiolo

Nunua faili la springi kwanza. Mambo ya utalala wapi, utakula nini, na kama shule uliyopangiwa iko Bulapesa pale mjini au mbali kule Merti, yatajipanga yenyewe. Mwalimu mwanagenzi anayeshuka kutoka Subuiga kuja kufanya mazoezi ya kufundisha Isiolo hupimwa kwa uzito, na uzito huo unakaa kwenye faili: azimio la kazi, maandalio ya masomo, rekodi ya kazi, rekodi ya maendeleo ya wanafunzi, ratiba, orodha ya darasa. Mtathmini wa chuo akifika hatauliza watoto wa Gredi ya 4 wamejua nini. Atanyoosha mkono, na usidhani anataka salamu.

Hizi ni nyaraka za kiufundi, ingawa chuoni huenda hukuambiwa hivyo. Ni maandishi ambayo mtu anapaswa kuyashika mkononi na kuyafuata hatua kwa hatua mpaka jambo litendeke, ya ukoo mmoja na maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya kuogeshea mbuzi. Tofauti ni kwamba maelezo ya dawa yakikosewa mbuzi hufa, na mwenye mbuzi humrudia muuza dawa siku hiyo hiyo. Andalio la somo likikosewa hupigwa muhuri.

Azimio la kazi usiliandike. Azimio la muhula mzima linauzwa saiba, tayari, unatumiwa kwa WhatsApp kabla hujamaliza kuhesabu pesa. Badilisha jina la shule juu ya ukurasa wa kwanza, na ukikumbuka, juu ya kurasa nyingine pia. Lakini usilisome, maana ukilisoma utagundua lilitungwa na mtu wa mahali penye mvua. Wiki ya tano utakuta umeahidi kuwapeleka watoto kwenye kiwanda cha chai kilicho karibu na shule. Kwenye nyenzo utakuta projekta, na shule yako ina sola moja inayochaji simu ya mwalimu mkuu. Usiogope. Mpaka wiki ya tano ifike, mtathmini atakuwa ameshapita.

Ukikaa kuchora andalio lenyewe, chukua rula ndefu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika gredi za chini mwaka 2019, ulikuja na vyumba vingi: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, shughuli za ujifunzaji, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuka, nyenzo, tathmini, tafakari. Vyuo navyo vikabadilika. Mwaka 2021 diploma ya ualimu wa shule za msingi ikaanza kuchukua nafasi ya cheti cha zamani cha P1. Mimi sina ugomvi na chumba hata kimoja katika hivyo. Ila ukivipanga vyote kwenye karatasi moja, tafakari inabaki na upana wa kidole, nayo ndiyo sehemu pekee ya kuandika kilichotokea darasani kweli. Panatosha neno moja tu: “Lilifaulu.” Wajanja huliandika usiku wa kuamkia somo, kwa wino ule ule.

Sasa malengo. Mwaka 1962 Mmarekani mmoja, Robert Mager, alichapisha kitabu chembamba cha kufundisha walimu kuandika malengo ya somo. Hoja yake ilikuwa na sehemu tatu: useme mwanafunzi atafanya nini kinachoonekana, atakifanya katika hali gani, na kwa kiwango gani utasema amekiweza. Kwetu sehemu ya kwanza ndiyo iliyofika salama. Ndiyo maana kila andalio linafunguka kwa “Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze…”, na ndiyo maana kitenzi “kuelewa” kimepigwa marufuku kama panga kwenye mkutano wa hadhara. Andika “kutaja”, “kueleza”, “kubainisha”. Hali na kiwango waachie Wamarekani.

Lengo la tatu liwe la kuthamini, kwa desturi. Kipindi cha maji, kwa mfano, kiishie hivi: “mwanafunzi aweze kuthamini umuhimu wa maji.” Hapo mbele yako amekaa mtoto wa Merti aliyeziona mvua zikikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, akawaona mbuzi wa kwao wakipungua mpaka zizi likawa na nafasi ya kuchezea. Wewe umekulia kwenye mfereji wa uani. Una dakika 35 za kumfundisha kuthamini maji, na ukimaliza utaweka tiki.

Hilo la maji tulifuate kidogo, maana ndipo mambo yanapoanza kuwa na madhara. Utaombwa uwaandikie wanafunzi maelekezo ya kutengeneza chujio. Andika hivi, upate alama:

“Chukua chupa na uikate. Weka vifaa ndani yake kwa mpangilio unaofaa. Mimina maji machafu. Maji yatakayotoka yatakuwa safi. Jadili umuhimu wake na mwenzako.”

Kiswahili chake hakina doa. Sasa kipeleke kwenye dawati. Katika darasa la Isiolo mjini, dawati moja linaweza kukaliwa na Mborana, Mturkana, Msomali na Mmeru, na Msamburu akajibana pembeni. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, lakini kwa wengi wao si lugha ya nyumbani. Ikate wapi, juu au chini? Vifaa gani? Mpangilio unaofaa nani? Mmoja ataanza na changarawe, mwingine na mkaa, wa tatu atamwaga vyote pamoja, na wote watatu watakuwa wamekutii.

Na lile neno “safi” ni hatari kuliko mkasi. Mtoto atalibeba mpaka nyumbani. Atamwambia mamake kwamba mwalimu amewafundisha kusafisha maji, na kuanzia leo hakuna haja ya kuchoma kuni kuyachemsha. Maji yenyewe huenda ni ya Ewaso Ng'iro, mto ambao ng'ombe, ngamia na watu wote wana haki nao, kila mmoja akiwa juu ya mwenzake. Chujio la chupa hutoa tope. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina habari nalo.

Mtu akitaka kweli chujio litengenezwe, angeandika kitu kibaya namna hii: Mwalimu akate kitako cha chupa ya lita moja na nusu. Ondoa kifuniko. Funga kitambaa kwenye mdomo wa chupa, ukaze kwa uzi. Igeuze chupa, mdomo uangalie chini, uiweke juu ya kikombe. Tia mkaa uliopondwa na kuoshwa, kina cha vidole vinne. Juu yake tia mchanga uliooshwa, vidole vinne. Juu ya mchanga tia changarawe, vidole viwili. Usinywe maji yatakayotoka: yamechujwa, hayajachemshwa. Sasa mimina kikombe kimoja cha maji ya tope, polepole. Yakitoka meusi ni vumbi la mkaa. Yamwage, umimine tena.

Utaona onyo limekaa kabla ya kumimina. Wengi huliweka mwisho, chini ya swali la tathmini, mahali ambapo mtoto hulikuta akiwa ameshapangusa midomo. Utaona pia kwamba yale maji meusi yametajwa, ili asiyejua asidhani ameharibu akatupa chupa. Na vipimo ni vya vidole, kwa sababu darasani vidole havisahauliwi nyumbani.

Karatasi ya namna hiyo hujaribiwa kwa kumpa mtu ambaye hukumfundisha. Mpishi wa shule anafaa sana: ana mkaa, mchanga uko mlangoni pake, na hana sababu ya kukuonea haya. Mkabidhi karatasi na chupa, kisha ufunge mdomo. Kufunga mdomo ndiko kugumu. Mwalimu akiona mtu anakwama kwenye mstari wa tatu, ulimi unamwasha. Acha umwashe. Pale alipokwama ndipo pa kusahihisha, na hutapaona ukimsaidia. Lakini nakuonya: ukiwasilisha karatasi hiyo chuoni, utaulizwa umilisi wa kimsingi uko wapi.

“Mwalimu, sijaona masuala mtambuka hapa.”

“Kuna kipindupindu, madam.”

“Kiandike basi kwenye safu yake.”

Kwa habari yako tu, kuna kazi zinazokamilika bila safu hiyo: mtungi wa maziwa ya ngamia hupanda basi Isiolo, ukapokewa Eastleigh, Nairobi, na mnunuzi, ukarudi mtupu kwa mama aliyeutuma, bila masuala mtambuka hata mstari mmoja. Hilo usilitaje mbele ya mtathmini.

Rekodi ya kazi itakuchukua muda mfupi kuliko zote. Andika tarehe, kurasa za kitabu, na “imefanyika”. Usiandike kwamba siku hiyo nusu ya darasa haikuwepo, kwa maana itaonekana wewe ndiye uliyewafukuza. Kuna wakorofi watakaokuambia kwamba katika kaunti ya wafugaji rekodi hii ndiyo karatasi yenye kazi kubwa kuliko zote. Mtoto huhama na mifugo kwenda fora, kambi ya malishoni, wiki ya nne, hurudi ya tisa, mwalimu aliyekuwepo wiki ya nne amehamishwa, aliyepo sasa anafungua faili kutafuta mtoto aliachwa wapi na ashikwe wapi, na anakuta “uk. 12–15, imefanyika”. Serikali ina baraza zima la elimu ya wahamaji, NACONEK, na bado safari ya mtoto huyo kutoka ukurasa wa 15 kwenda wa 16 inategemea mwandiko wako. Angekuta “wamegawanya bila baki, baki bado inawachanganya, hasa waliokuwa fora” angejua pa kuanzia kesho asubuhi. Wakorofi hao wasikilize kwa heshima, kisha uendelee na “imefanyika”.

Wala usijipe moyo kwamba ukiajiriwa mambo haya yataisha. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilileta TPAD, mfumo wa kupima utendaji wa walimu, mwaka 2016, na humo mwalimu hujipa alama mwenyewe halafu hutafuta ushahidi wa alama alizojipa. Kipaji unachokikuza sasa cha kuandika “lilifaulu” kabla ya somo kitakufikisha mbali.

Siku ya mwisho ya mazoezi, faili huondoka na wewe. Linarudi chuoni likakaguliwe, lipate alama, lipangwe kwenye rafu na mengine ya urefu huo huo. Watoto wanabaki, na mwalimu wa darasa aliyekuachia vipindi vyake muhula mzima anarudi ubaoni akiwauliza wao walifika wapi. Ukiona haya, pita saiba kabla ya kupanda gari, utoe kopi za kurasa zile chache ulizoandika kwa haraka ukiwa umechoka, zenye majina ya wasiojua baki na ya waliokuwa fora. Kopi si ghali, na zikiwa nyingi utapunguziwa. Zikunje umwachie mwalimu wa darasa mkononi mwake. Chuoni usiseme, maana wataanza kukuuliza zinaingia kwenye safu gani.