Miadi kwa Kiingereza: Namna ya Kuahidi, Kuahirisha na Kutoweka kwa Adabu

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye akili timamu, anayejua Kiingereza cha kutosha kubishana kuhusu Arsenal mpaka usiku wa manane, lakini akiandikiwa "Would Thursday work for you?" huiweka simu kifudifudi mezani na kwenda kunywa chai kwanza. Umepata bosi aliyeko London, au mfadhili aliyeko Washington, na sasa unatakiwa kupanga miadi. Ondoa hofu. Kupanga ni kazi nyepesi. Ufundi unahitajika katika kuisogeza miadi hiyo, kuifupisha, na hatimaye kuizika bila mtu kulia.

Tuanze na kuomba. Kwetu neno moja linatosha: naomba. "Naomba tuonane kesho," basi, adabu imetimia. Mwingereza hathubutu kuomba hivyo mchana kweupe. Sharti azunguke: "I was wondering whether it might be at all possible to find half an hour at some point next week." Anajifanya alikuwa anawaza tu zamani, kwamba jambo lenyewe huenda haliwezekani hata kidogo, kwamba nusu saa imepotea mahali na mnaitafuta pamoja. Shika kanuni moja: sentensi ikirefuka, ujue mwombaji ana shida. Mwenye cheo huandika "Thurs 3?" na wewe unakimbia.

Angalizo kuhusu "kindly". Kuanzia Posta ya Dar es Salaam mpaka Upper Hill ya Nairobi, barua pepe ya ofisi isiyo na "Kindly confirm" huonekana haijavaa. Kwetu ni unyenyekevu. Mwingereza akiisoma, anamsikia mwalimu wa zamu akimwamuru akae chini. Andika "please", watu wasichukiane bure.

Sasa saa, maana hapa ndipo wengi walipozama.

Kijana mmoja aliandikiwa aende kwenye usaili "at three". Alikuwa amelelewa Muheza na bibi ambaye saa tatu kwake ni saa tatu, jua limeshapanda, watu wa maana wameshatoka. Saa tatu kasorobo asubuhi yuko mapokezi, shati limepigwa pasi, bahasha ya vyeti mkononi.

"Kaka, una miadi na nani?"

"Na mtu wa rasilimali watu, dada. Saa tatu."

Dada wa mapokezi akaangalia daftari lake, akamwangalia na yeye. "Tatu ya Kizungu au ya kwetu?"

Alikaa pale mpaka saa tisa alasiri. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshatumwa vocha mara moja na maji mara mbili, na mmoja wa wasaili alipopita alimuuliza kama yeye ndiye fundi wa kiyoyozi. Huyo ana nafuu, maana alikosea kwa kuwahi. Wa kumwombea dua ni yule anayeambiwa "nine" akaweka moyoni saa tisa, akafika mchana, ameshiba na ananukia, wakati nafasi ilishachukuliwa tangu asubuhi.

Dawa ni rahisi, na iko ukutani. Tofauti ni saa sita, kwa hiyo saa ya Kiswahili daima hukaa upande wa pili wa saa ya mshale. Mshale mfupi ukielekea 3, wewe soma 9. Ukielekea 10, soma 4. Mwingereza akikwambia "half six", anamaanisha saa kumi na mbili na nusu. Asiwepo Mjerumani kwenye kikao hicho, maana kwao tamko kama hilo ni nusu saa kabla ya sita, yaani kumi na moja na nusu, na wewe masikini ulishaandika saa sita na nusu mchana ukaagiza na wali.

Usidhani ukishajua hayo umepona. Sisi huku hatugusi saa zetu, jua lenyewe halitupi sababu. Waingereza wamekuwa wakizipeleka mbele na kuzirudisha tangu 1916. Kile kikao chenu cha kila Jumatatu cha saa nane mchana ya London, ambacho majira yao ya joto yote umekihudhuria saa kumi jioni ukawahi daladala, Jumapili ya mwisho ya Oktoba kinahamia saa kumi na moja bila mtu kukuomba radhi. Foleni ya Mwenge nayo iko palepale. Kwa ajali hiyo hakuna msemo wa Kiingereza. Kuna kuvumilia mpaka mwisho wa Machi.

Tarehe tusizipotezee muda: Mmarekani akiandika 4/5 anakusudia tarehe 5 Aprili, Mwingereza na wewe mnakusudia tarehe 4 Mei. Andika jina la mwezi kwa herufi. Na ukisikia "next Friday", usijifanye umeelewa, kwa sababu wao wenyewe hawajakubaliana kama ni Ijumaa hii inayokuja au ile ya wiki ijayo. Uliza tarehe. Hutaonekana mshamba, utaonekana mtu wa mipango.

Hatari kubwa kuliko zote imejificha kwenye mbele na nyuma. Kwetu mkutano ukisogezwa mbele, umeahirishwa. Kila mtu anapumua, mwenye taarifa ambayo haijakamilika anamshukuru Mungu. Kwa Kiingereza "bring the meeting forward" ni kuuleta karibu, ufanyike mapema zaidi. "Push back", ambayo kwa masikio yetu ni kuurudisha nyuma na hivyo kuuwahisha, ndiyo inayouahirisha. Sasa mfikirie ofisa aliyekabwa na kazi, anayehitaji siku mbili zaidi, anamwandikia bosi kwa unyenyekevu wote: "Could we bring it forward by two days?" Bosi anajibu kwa furaha: "Love the energy! Tuesday it is." Leo ni Jumatatu.

Ukiona aibu, ujue hata wenye lugha wamekwama. Mwaka 2002 watafiti Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha utafiti kuhusu swali moja dogo: mkutano wa Jumatano umekuwa "moved forward" siku mbili, je, utafanyika lini? Hapo hakuna jibu moja. Wapo wanaosema Jumatatu na wapo wanaosema Ijumaa. Hata mahali mtu alipo humgeuza: watu waliokuwa wametoka safarini kwa ndege walielekea zaidi kusema Ijumaa, tofauti na waliokuja uwanjani kupokea wageni tu. Maana yake, ukitaka muda zaidi, mvizie bosi akiwa ameshuka kwenye ndege. Wahindi wameshachoka na mkanganyiko huu. Walijitengenezea "prepone", kinyume cha "postpone", wakaendelea na maisha. Waingereza hulicheka neno hilo huku wakifika siku isiyo yao.

Tumefika kwenye hazina yenyewe, namna ya kutokwenda.

Kariri maneno haya: "I'm so sorry, something's come up." Kuna kitu kimejitokeza. Kitu gani? Kimejitokeza wapi? Hakuna anayeuliza, na kuuliza ni kukosa malezi. Linganisha na mateso yetu. Mswahili havunji miadi bila kutaja sababu, na sababu zenye heshima ni mbili tu, mgonjwa na msiba, zote zina gharama. Sema una mgonjwa: jioni wenzako wa ofisini wako sebuleni na mfuko wa machungwa na juisi ya boksi, wanauliza mgonjwa yuko chumba gani. Sema una msiba, umekwisha. Ndani ya saa moja kundi la WhatsApp limefunguliwa, mhazini amepatikana, Coaster imekodiwa kwenda Kibaha, na mama wa utawala anapiga simu: "Pole sana, mwanangu. Marehemu ni nani yako, na tunazika saa ngapi?"

"Something's come up" haikodishi Coaster. Masharti yake ni mawili. La kwanza, ukishaisema, nyamaza. Udhaifu wetu ni kuongeza chumvi: kitu kimejitokeza, unajua shangazi yangu wa Korogwe, yule mwenye sukari. Hapo umeshaanza upya habari ya machungwa. La pili, usiijaribu kwa wakubwa wa ukoo. Mwandikie baba mkwe kwamba "something's come up" uone kama hatataka kujua ni kitu gani hicho kilichojitokeza kikubwa kuliko yeye.

Ndugu yake ni "I'm afraid", ya "I'm afraid I can't make Tuesday." Anayeisema haogopi chochote. Na kwa kikao ambacho huwezi kukikwepa lakini unaweza kukikata mkia, tumia "I have a hard stop at four." Itangaze mwanzoni kabisa, kwa uso mkavu. Watu watadhani saa kumi una waziri. Kama saa kumi una mihogo ya kukaanga pale kwenye kona, ni siri yako.

"Rain check" itumie kwa uangalifu. Asili yake ni viwanja vya besiboli vya Marekani vya karne ya 19: mvua ikiharibu mchezo, mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi cha kumrudisha siku nyingine. Kwa hiyo "Can I take a rain check?" ni kukataa mwaliko leo huku ukidai bado unautaka. Kwa Dar es Salaam ya mwezi wa Aprili haifai. Jangwani pakijaa maji na mwendokasi ukasimama, mvua ni sababu halali inayojitegemea. Ukiitia nahau watu wataanza kukushuku.

Halafu kuna mialiko ambayo si mialiko. Mwingereza akikushika mkono mlangoni akasema "You must come round for dinner some time," usimuulize siku gani. Utamtisha. Huo ni mkono wa kwaheri tu. Wewe unayecheka, unasemaje ukikutana na mtu mliyesoma naye, Kariakoo, jua kali, mifuko mikononi? "Tutafutane, bwana." "Tutafutane kabisa." Namba za simu hamjabadilishana. "We must catch up soon" ni tutafutane iliyovaa koti. Jibu lake ni "Definitely!", kisha kila mtu aelekee kwake kwa amani.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana mtihani wao wa peke yao, miadi ya daktari. Huku unachukua kadi, unakaa kwenye benchi, unaujua mgongo wa aliye mbele yako mpaka jioni. Kule, kwenye baadhi ya zahanati, unapiga simu saa mbili kamili asubuhi pamoja na mtaa mzima, na ukipokelewa nafasi za leo zimekwisha, upige kesho saa mbili. Silaha pekee ni "Is there any chance you could squeeze me in?", isemwe kwa sauti ya mtu anayeumwa lakini hataki kusumbua. Ukikohoa katikati, usizidishe.

Kuhusu kuchelewa sitasema mengi, wasomaji wa Kiswahili hawahitaji mwalimu. Itoshe kujua kwamba "I'm on my way" haina upana wa "nipo njiani". Yetu huanzia kwenye taulo. Yao inadai angalau uwe umevaa viatu. "Running a few minutes late" hutumwa kabla ya muda kufika, na dakika hizo chache zisizidi kumi. Zikifika arobaini, rudi kwenye kitu kilichojitokeza. Na usimtumie mtu ramani ya ulipo kutoka WhatsApp ilhali umesema uko Ubungo. Ile nukta ya buluu haina adabu, itakuonyesha Kimara, kitandani.

Darasa la mwisho ni la mabingwa: nyote wawili hamtaki kwenda. Utajua kwa dalili. Jumatatu anaandika "Still good for Thursday?", na hilo si swali, anakufungulia mlango utoke. Usitoke. Jibu "Absolutely! Unless it's a bad time for you?" na umrudishie mlango wake. Jumatano atakuandikia "All good this end, but no pressure if things are hectic." Yuko hoi. Tulia. Atakayeahirisha wa kwanza ndiye atakayeomba radhi, ndiye atakayetafuta tarehe nyingine, na kahawa ya siku hiyo italipwa na yeye. Alhamisi asubuhi weka simu karibu, usiiguse. Ikibaki robo saa kabla ya miadi naye bado kimya, basi umekutana na mwenzako. Vaa viatu, mkutano upo.