Somo, Wifi Yangu Amekuwa Papai

Kila mwaka baridi ikianza kulegea Ulaya, barua za Somo hubadilika. Za mapenzi hupungua, za ngozi huzidi. Wazungu wanajiandaa kuvua makoti, na wenzetu wanaoishi nao, waliooana nao na wanaowafulia shuka wanabaki na maswali. Kazi ya somo tangu enzi ni kumsugua bibi harusi, kumfukiza udi na kumwambia yale ambayo mama yake anaona haya kuyasema. Basi leteni.

*Somo, shikamoo. Mimi mtu wa Kisauni, niko Leeds kwa kazi ya uuguzi. Kaka yangu anamwoa Mwingereza, na harusi ni Mombasa mwezi wa nane. Wifi yangu huyo ni mweupe wa kuonekana mishipa, na hataki wakwe wamdhanie mgonjwa. Amenunua vitambaa vya majimaji vya kujipaka rangi, amechagua vyenye rangi kali kuliko vyote dukani, akajifuta miguu usiku. Asubuhi magoti ni papai lililoiva. Analia. Nimwambie nini?*
Wifi Mwenye Huruma, Leeds

Marahaba, mwanangu. Mwambie anyamaze, maana rangi ile haikuingia mbali.

Kilichomo katika vitambaa hivyo ni sukari. Jina lake daihidroksiasetoni, na nyuma ya paketi utaiona kwa herufi tatu, DHA. Ikigusa tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokwisha kufa na linalosubiri kubanduka, hushikana na protini zilizomo humo na kugeuka kahawia. Kemia hiyo ndiyo inayotia rangi ganda la mkate na buni inayokaangwa; Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Kwa hiyo wifi yako hakuungua wala hakuchafuka. Ameiva.

Na kwamba sukari hii hupaka watu rangi ilijulikana kwa bahati tu. Miaka ya 1950, katika hospitali ya watoto huko Cincinnati, Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa akiitumia kwa watoto wenye maradhi yanayovuruga uhifadhi wa sukari mwilini. Walinyweshwa dawa, nao kama ilivyo ada ya watoto wakaitema na kuimwaga, na kila palipodondoka ngozi ikafanya doa la kahawia. Mtafiti huyo akaijaribu kwenye ngozi yake mwenyewe. Kufikia 1960 kampuni ya Coppertone ilikuwa imeshaitia chupani na kuiuza, na walioinunua mwanzoni wakatoka na michirizi ya rangi ya chungwa. Wifi yako ana mashangazi wengi katika hilo.

Magoti yameteka rangi kwa sababu ngozi yake ni nene na kavu. Penye ngozi iliyokufa nyingi, sukari hupata pa kushika pengi. Ndivyo ilivyo kwa viwiko, vifundo vya miguu na visigino. Leo aloweke magoti kwa mafuta, aoge maji ya moto, ajisugue kwa dodoki taratibu, arudie kesho. Usimpake ndimu, usimpake magadi, na dawa ya kufulia isitajwe. Hata akikaa bila kufanya lolote, ngozi itabanduka yenyewe na rangi itaondoka nayo ndani ya wiki moja hivi.

Sasa tuchague vitambaa vingine. Kosa lake ni kudhani rangi kali ni rangi nzuri. Ngozi nyeupe sana ikipewa DHA nyingi kwa mkupuo mmoja haiwi ya shaba, inakuwa ya chungwa. Anunue vilivyoandikwa kuwa ni vya ngozi nyeupe, au vile vya kuongeza rangi kidogo kidogo, ajifute leo, aangalie kesho, akitaka zaidi arudie. Umoja wa Ulaya hauruhusu DHA kuzidi asilimia 10 katika vipodozi vya kujipaka rangi. Wifi yako hana haja ya kuukaribia mpaka huo. Akiona pia jina erithrulosi kwenye orodha ya viungo, asitishike: ni sukari nyingine, huchelewa siku mbili tatu kutoa rangi na husaidia rangi ififie bila kuacha viraka. Vitambaa vyenye manukato makali aviache dukani. Na vyovyote atakavyochagua, ajaribu kwanza sehemu ndogo ndani ya kiwiko, alale, aone kama anawashwa.

Vitambaa vina raha yake. Havimwagiki kwenye sanduku na mtu hajipaki kupita kiasi kwa urahisi. Lakini vingi havina rangi ya kuonyesha mkono umepita wapi, na vinakauka upesi, nalo ndilo linaloleta miguu ya pundamilia. Kila mguu upate kitambaa chake. Afungue kitambaa chote, asikikunje, afute kwa mizunguko kutoka chini kwenda juu. Kikianza kukauka akitupe, asikikamue kwa ubahili. Magoti, viwiko na vifundo vipakwe losheni kidogo kwanza ili visinywe rangi, kisha vifutwe mwisho kwa unyevu uliobakia. Akimaliza tu, anawe viganja kwa sabuni, na katikati ya vidole, maana kiganja cha kahawia hakijawahi kumdanganya mkwe yeyote.

Kuhusu ratiba ya harusi, hapa nisikilize mimi, si paketi. Kunyoa malaika kuwe siku moja kabla ya rangi. Singo itangulie, rangi ifuate. Kungwi wa Mombasa akimsugua singo baada ya rangi, atamtoa yote pamoja na nongo, na bibi harusi atarudia weupe wake wa Leeds, tena kwa mabaka. Mikono na miguu inayongoja hina isiguswe na vitambaa kabisa, kwa kuwa hina nayo hushika kwenye tabaka hilohilo la juu. Waachie nafasi wachoraji. Wakikuletea piko nyeusi ambayo kwa kweli ni dawa ya nywele, ikatae hata kama shangazi yako ndiye ameileta. Dawa ile imewababua watu na kuwaachia makovu ya maua.

Rangi inahitaji saa sita mpaka nane bila maji wala jasho. Mwezi wa nane Mombasa si joto la kufa, ila mgeni wa Leeds atatoka jasho akivaa viatu tu. Ajipake usiku, chumba chenye kiyoyozi, siku mbili kabla ya sherehe, alale na dera la zamani la rangi ya giza.

Na losheni ya jua apake asubuhi kama kawaida. Rangi hii haimkingi na jua kwa kiasi cha maana. Ni melanini ndiyo inayokinga, na hiyo haiuzwi kwenye paketi.

*Somo, mimi sina shida, nina mshangao tu. Jirani yangu anatumia mkorogo mpaka vidole vyake vina rangi mbili. Binti yangu yuko Manchester kwa masomo, ananiambia wasichana wenzake wanalipa pesa kupuliziwa weusi kabla ya kwenda disko. Nani ana akili?*
Mama Mbagala

Anayeuza, mama.

Huko Ulaya zamani weupe ulikuwa wa tajiri, kwa sababu maskini ndiye aliyelima juani. Viwanda vilipowaingiza maskini ndani, jua likawa la mwenye likizo, na kuanzia miaka ya 1920 watu wenye pesa wakawa wanarudi kutoka pwani ya kusini ya Ufaransa wakionyesha mabega. Mbunifu wa mitindo Coco Chanel husifiwa au hulaumiwa kwa hilo. Vita Vikuu vya Pili vikaleta jingine: soksi ndefu zikaadimika Uingereza, wanawake wakajipaka miguuni chai au rangi ya kukolezea mchuzi, wakachorana mstari nyuma ya mguu kwa penseli ya nyusi ili ionekane soksi ina mshono. Waliogopa mvua na mbwa.

Basi wivu ni uleule, kila mtu anatazama ua la jirani. Ila usiyapime mambo haya mawili kwa kibaba kimoja. Mwenzake binti yako anapaka sukari juu ya ngozi iliyokufa, na wiki ijayo haipo. Jirani yako, kama mkorogo wake una zebaki, anaiweka mwilini inakofika mpaka kwenye figo. Na kama una hidrokwinoni, akiitumia miaka mingi inaweza kumgeukia ikamwachia weusi wa bluu usoni ambao hautoki. Kwenye jambo la kupendeza wote wawili sina la kuwaambia. Kwenye jambo la figo, mgongee jirani mlango.

Na kama yupo msichana wa Manchester anayelala kwenye kitanda cha taa za kupata weusi badala ya kujipaka, mwambie binti yako amwonye pia. Tangu 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameviweka vitanda hivyo katika kundi moja na tumbaku.

*Somo, nanyanyua vyuma Temeke. Kocha anasema nijipake rangi siku ya mashindano. Mimi mweusi tayari, atanipaka nini?*
Kifua Mbele

Mpe kocha heshima yake. Taa za jukwaani hula vivuli, na misuli ni vivuli. Hata weusi wa kukoza hupakwa ili mwili wote uwe rangi moja na mikato ionekane mpaka safu ya nyuma. Lakini vitambaa vya wifi wa Leeds havitakufaa, ni vyepesi mno. Utahitaji rangi ya mashindano, tabaka juu ya tabaka. Soma kanuni kwanza, kwani mashirikisho mengine hukataza rangi inayotoka ikifutwa kwa kidole.

*Somo, mimi ni mwalimu, Lindi. Mikono yangu imeingia mabaka meupe, na sasa yamefika karibu na mdomo. Wanafunzi wananiuliza kama chaki imegoma kutoka. Nimesikia habari za vitambaa vya Wazungu. Je, vitanifaa?*
Mwalimu

Mwalimu, kwako naweka mzaha pembeni.

Kwanza, kabla ya rangi, nenda hospitali. Gusa baka kwa pamba; kama hupasikii, huenda ni ukoma, nao unatibika na dawa yake ni bure. Kama unapasikia, inawezekana ni mbalanga, ambapo kinga ya mwili inashambulia seli zinazotengeneza rangi. Mbalanga haiambukizi. Nakusihi uwaambie wanafunzi hivyohivyo, ubaoni, kwa chaki hiyohiyo.

Madaktari wa ngozi wamekuwa wakitumia DHA kufunika mabaka kama yako kwa miaka mingi. Inawezekana kwa sababu baka limekosa melanini tu. Protini za tabaka la juu zipo, na sukari hushika. Usitumie kitambaa, kitapita kwenye ngozi nzima na kuichora mpaka mweusi zaidi. Chukua losheni yenye DHA, kijiti cha pamba, jaza ndani ya baka peke yake, kidogo leo, kidogo kesho, mpaka ikaribie. Midomo yenyewe usiiguse. Kwenye weusi wetu rangi hailingani kila mara, hutoka ya njano kidogo, na mikononi huisha haraka kwa kunawa. Ukiona inakuchosha kuliko mabaka yenyewe, iache. Baka huungua juani upesi, kwa hiyo losheni ya jua huna budi. Daktari akikupa rufaa, hospitali ya KCMC, Moshi, wana kituo cha mafunzo ya ngozi kinachojulikana kanda nzima, na ndiko inakotengenezwa losheni ya Kilisun wanayopewa ndugu zetu wenye ualbino. Tiba zipo, na hufanya vizuri zaidi mtu akiwahi.

*Somo, nikijipaka vitambaa hivi mume wangu anasema nanuka biskuti.*
Mrs. wa Oslo

Sukari inaiva, dada. Harufu hutoka ukioga asubuhi. Kama amekaa karibu hata akaisikia, ndoa haina tatizo.

*Somo, nilitupa kitambaa chooni, paketi imeandika kinatupika. Nimetenda dhambi?*
Mpangaji, London Mashariki

Mwaka 2017 huko kwenu Whitechapel walikuta chini ya barabara donge la mafuta na vitambaa vya majimaji, urefu mita 250, uzito tani 130. Kipande chake kikawekwa makumbusho, watu wakapanga foleni kukitazama. Tia kwenye pipa la taka.

*Somo, nafua hoteli, Nungwi. Wageni wanaacha rangi kwenye shuka nyeupe na meneja anatukata sisi. Tufanyeje?*
Dobi

Zilowekeni mapema kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, msiziweke kwenye mashine ya kukaushia kabla doa halijatoka. Mwombeni meneja anunue taulo chache za rangi ya kahawa, zikae chumbani na kikaratasi cha adabu kwa wageni waliojipaka. Akikataa, siku mtakayokuta shuka yenye umbo zima la mtu, mabega, makalio, magoti yote mawili, msiifue. Mwiteni aje ailale mwenyewe, apime kama ni ya dobi.